Mechi za Kufuzu Nazo Zionekane Bure

Tarehe 10 Oktoba 2009 timu ya taifa ya England ilicheza ugenini dhidi ya Ukraine, katika mji wa Dnipropetrovsk, mechi ya kufuzu Kombe la Dunia la 2010, na hakuna kituo hata kimoja cha televisheni nchini Uingereza kilichoirusha mubashara. Kampuni ya Setanta, iliyokuwa na haki za kuionyesha, ilikuwa imeanguka kifedha miezi michache kabla, na mechi ikaishia kuuzwa kwa watazamaji hasa kupitia intaneti, kwa bei iliyoanzia pauni 4.99 na kufika pauni 11.99 kadiri siku ya mchezo ilivyokaribia. Wakati huohuo sheria ya Uingereza ilikuwa inaagiza kwamba kila mechi ya fainali za Kombe la Dunia, hata ile ya mataifa mawili ya mbali yasiyo na uhusiano wowote na Waingereza, ipatikane katika televisheni ya bure. Mtazamaji aliwekewa ulinzi kwa mechi za wageni, akaachwa bila ulinzi kwa mechi ya timu yake mwenyewe.

Jambo hili limenishughulisha kwa muda mrefu, kwa sababu mjadala kuhusu haki za matangazo ya soka karibu kila mara huishia kwenye fainali: nani ataonyesha Kombe la Dunia, nani ataonyesha mashindano ya bara. Fainali hudumu mwezi mmoja, na mataifa mengi hayafiki huko. Maisha halisi ya timu ya taifa yamo katika mechi za kufuzu, zinazoweza kuchukua miaka miwili au zaidi, nyumbani na ugenini, na kwa nchi nyingi hizo ndizo mechi kubwa kuliko zote ambazo kizazi kizima kitaziona. Ninaamini kwa dhati kwamba sheria yoyote ya kulinda watazamaji wa soka ingepaswa kuanza na mechi hizo kabla ya kufika kwenye fainali.

Ili kuelewa kwa nini mechi za kufuzu hupotea kirahisi, ni lazima kujua nani anayeziuza. Kwa desturi ya mchezo huu, haki za matangazo ya mechi ni mali ya chama cha soka cha nchi mwenyeji. Timu yako ikicheza nyumbani, chama chako ndicho kinachouza. Ikicheza ugenini, muuzaji ni chama cha mpinzani, ambacho hakiwajibiki kwako kwa lolote na kwa kawaida huwa kimekwisha kuzikabidhi haki hizo kwa wakala anayetafuta bei ya juu. Ndivyo ilivyokuwa kwa mechi ile ya Ukraine. Barani Ulaya utaratibu ulibadilika mwaka 2014, UEFA, shirikisho la soka la Ulaya, ilipoanza kuuza kwa pamoja haki za mechi za kufuzu za wanachama wake wote. Mabadiliko hayo yaliviletea vyama vidogo mapato ya uhakika, nami sioni sababu ya kuyabeza, lakini yaliuondoa uamuzi wa mwisho mikononi mwa chama ambacho mashabiki wake wangeweza angalau kukilalamikia.

Haki hizo huuzwa kwa mipaka ya nchi, ilhali mawimbi ya setilaiti hayajui mipaka. Ndiyo maana mtazamaji anayepokea chaneli ya bure ya nchi jirani hukuta picha imefungwa dakika chache kabla ya mpira kuanza: kituo hicho kimenunua haki za kwao tu, na mkataba unakilazimisha kuficha matangazo yake kwa yeyote aliye nje. Kwenye intaneti kizuizi ni kilekile, isipokuwa huko kinatekelezwa kwa kutambua mahali kifaa cha mtazamaji kilipo. Watu wengi hudhani kwamba king'amuzi chao kimeharibika.

Hali haikuwa hivi tangu mwanzo. Kwa miongo mingi Kombe la Dunia liliuzwa kwa miungano ya vituo vya umma, na barani Ulaya chombo kilichofanya kazi hiyo kilikuwa Umoja wa Watangazaji wa Ulaya, EBU. Mwaka 1996 FIFA iliuza haki za fainali za 2002 na 2006, nje ya Marekani, kwa kampuni za Kirch na ISL kwa faranga za Uswisi bilioni 2.8. Wanunuzi wote wawili walianguka kabla ya fainali za 2006 kufika, lakini bei ilikuwa imekwisha kupanda na haikurudi tena chini. Katika mzunguko wa miaka ya 2019 hadi 2022, haki za televisheni ziliipatia FIFA takriban dola bilioni 3.4 kati ya mapato yake yote ya takriban dola bilioni 7.6.

Umoja wa Ulaya ulijibu mapema. Mwaka 1997 ulirekebisha sheria yake ya televisheni ili kila nchi mwanachama iweze kutengeneza orodha ya matukio yenye umuhimu mkubwa kwa jamii, ambayo kituo cha kulipia hakiruhusiwi kuyamiliki peke yake kwa namna itakayowanyima wananchi wengi nafasi ya kuyatazama. Kilichoingia katika orodha hizo kilitofautiana sana. Uingereza iliweka fainali za Kombe la Dunia na za Mataifa ya Ulaya kwa ukamilifu wake, na FIFA pamoja na UEFA zilipopinga mahakamani kwamba si kila mechi ya fainali ina uzito huo, zikashindwa katika rufaa tarehe 18 Julai 2013. Ujerumani ilichagua njia nyingine: katika fainali ililinda mechi za Ujerumani yenyewe, mechi ya ufunguzi, nusu fainali na mechi ya mwisho ya kutafuta bingwa, kisha ikaongeza mechi zote za timu yake ya taifa, za nyumbani na za ugenini. Kwa maoni yangu Wajerumani ndio walioelewa. Orodha yao ni fupi upande wa wageni na ndefu upande wa timu ambayo wananchi wanaiita yao.

Waingereza walipata nafasi ya kurekebisha kasoro hiyo. Mwezi mmoja tu baada ya mechi ya Dnipropetrovsk, jopo huru lililoongozwa na David Davies liliishauri serikali iingize katika orodha mechi za kufuzu za nyumbani na za ugenini. Chama cha soka kilipinga kwa hoja ya mapato, na mwaka 2010 serikali iliyokuwa imeingia madarakani ikaahirisha uamuzi. Mechi hizo bado haziko katika orodha.

Walioonyesha kwamba jambo hili linawezekana ni Waayalandi, na ninashangaa kwamba kisa chao hakitajwi mara kwa mara zaidi. Mnamo Julai 2002, majuma machache baada ya timu yao kufika hatua ya 16 bora katika fainali za Korea Kusini na Japani, chama cha soka cha Ayalandi kiliuza haki za matangazo mubashara ya mechi za nyumbani kwa Sky, kituo cha kulipia, kwa miaka minne. Hasira ya umma ilikuwa kubwa. Tayari kulikuwa na sheria ya mwaka 1999 iliyoruhusu serikali kutengeneza orodha, lakini orodha yenyewe ilikuwa haijatengenezwa, na chama kilikuwa kimeuza mali yake kihalali kabisa. Mwaka 2003 serikali ilitangaza kwamba mechi za kufuzu za Ayalandi, za nyumbani na za ugenini, ni matukio ya televisheni ya bure, na mkataba ule na Sky ukafa.

Kinachonivutia zaidi ni sheria ya nyongeza iliyopitishwa mwaka huohuo. Watunga sheria walitambua kwamba kukiambia chama kiuze kwa televisheni ya bure pekee ni sawa na kumpa mnunuzi mmoja uwezo wa kutaja bei anayoitaka. Kwa hiyo waliweka utaratibu wa kwenda Mahakama Kuu pale muuzaji na kituo wanaposhindwa kuelewana, ili bei ya haki ya soko iamuliwe na msuluhishi anayezingatia malipo ya zamani, saa ya mchezo na mapato ambayo matangazo yanaweza kuleta. Ninaiheshimu sana ibara hiyo, maana inakubali kwamba mtazamaji ana haki na chama kina gharama, na haimwachi yeyote kati yao atabasamu peke yake.

Hoja ya gharama si ya kupuuzwa. Fedha za televisheni hulipa makocha wa vijana, waamuzi, safari za timu za wanawake na za umri mdogo, na chama kinachopunguziwa mapato hupunguza kwanza mambo ambayo hayaonekani. Hata hivyo kuna hasara isiyoandikwa katika hesabu za mwaka. Tarehe 12 Novemba 2020 Skotlandi iliitoa Serbia kwa penalti na kufuzu fainali kubwa za wanaume kwa mara ya kwanza tangu 1998, na mechi hiyo ilikuwa katika televisheni ya kulipia. Tarehe 18 Novemba 2025 timu hiyohiyo iliifunga Denmark mabao 4 kwa 2 na kufuzu Kombe la Dunia, safari hii BBC ikiwa imenunua haki na kuionyesha bure. Mtoto ambaye wazazi wake hawalipii kifurushi aliikosa ya kwanza na akaiona ya pili, na mtoto huyo ndiye ambaye chama kinatumaini atacheza, au atanunua tiketi, miaka kumi ijayo.

Barani Afrika hata fainali zenyewe haziko salama. Siku chache kabla ya Kombe la Mataifa ya Afrika lililoanza Côte d'Ivoire tarehe 13 Januari 2024, wateja wa SuperSport, televisheni ya kulipia, waliambiwa kwamba hawataliona, kwa kuwa haki zilikuwa mikononi mwa New World TV ya Togo; makubaliano yalipatikana dakika za mwisho. Mamilioni ya watu walisubiri wakati kampuni mbili zikijadiliana.

Kuna jambo moja linalonipa mashaka katika msimamo wangu mwenyewe, nalo ni soka la wanawake. Mwezi Mei 2023 rais wa FIFA, Gianni Infantino, alitishia kutolionyesha Kombe la Dunia la Wanawake katika nchi tano kubwa za Ulaya, akisema kwamba ofa za vituo vya umma zilikuwa ndogo mno. Mkataba na EBU ulifikiwa katikati ya Juni, kama majuma matano kabla ya mechi ya kwanza. Vitisho hivyo sikuvipenda, lakini malalamiko yenyewe hayakuwa ya uongo. Kituo kinachojua kwamba hakina mshindani kina kila sababu ya kutoa kidogo, na wanaoumia ni wachezaji ambao mchezo wao ndiyo kwanza unaanza kulipwa thamani yake. Kwa hiyo orodha inayoongeza mechi za kufuzu za wanawake pamoja na za wanaume, kama ninavyotaka iwe, isipitishwe bila msuluhishi wa bei wa aina ile ya Ayalandi, na mwenye kwenda kwa msuluhishi huyo awe na muda maalumu wa kufanya hivyo kabla ya ratiba ya kufuzu kuanza, si wiki ya mechi.