Upana wa chumba ulipimwa na mti

Leo mchana nimeingia nyumba moja ya zamani Mji Mkongwe, Unguja. Inakarabatiwa.

Nikamuuliza fundi, mzee wa makamo: "Shikamoo baba. Mbona vyumba vya humu virefu lakini vyembamba hivi?"

Akaitikia, kisha akanionesha dari kwa mwiko.

"Tazama boriti, mwanangu. Mkoko ndio umeamua."

Kumbe! Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kweli kweli, na juu yake zimelazwa boriti za mikoko. Boriti nzuri iliyonyooka hupatikana ya mita 2.5 hadi 3 hivi. Chumba kikizidi hapo, dari haina pa kuegemea. Basi ukitaka nafasi, unarefusha chumba, hukipanui.

Lamu ni hivyo hivyo. Na miti hiyohiyo ilisafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi Oman na Ghuba, kwenye uhaba wa mbao. Huko nako vyumba vikafuata kipimo cha mkoko wetu.

Fundi akaniruhusu kupanda ngazi, nikashika boriti moja. Ngumu kama chuma, nyekundu kwa ndani pale ilipokatwa, na alama za shoka bado zinasikika kwa vidole. Aliyelishika shoka lile hatumjui hata jina. Nimeguswa sana.

Wa Mombasa, Pate, Bagamoyo, Pemba: nyumba za wazee wenu bado zina boriti? Wekeni picha za dari hapa, nataka kuziona.