Mtaalamu wa lishe yupi, kwa tatizo lipi?

Anayekuuzia kopo la unga wa kupunguza tumbo huku akijiita mshauri wa lishe, muulize kwanza leseni. Kenya swali hilo lina uzito wa kisheria: sheria ya wataalamu wa lishe ya mwaka 2007 ndiyo iliyounda KNDI, taasisi inayowasajili na kuwapa leseni wenye cheti, diploma na digrii. Semina ya siku mbili hotelini haimsajili mtu, hata cheti chake kiwe na muhuri wa dhahabu.

Tanzania, utakayemkuta mara nyingi ni afisa lishe wa halmashauri au wa hospitali. Wengine wamesomea lishe ya binadamu Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa kwa sheria ya 1973, ndiyo mshauri mkuu wa serikali katika mambo haya. Afisa lishe wa halmashauri hushughulika zaidi na jamii: bajeti ya lishe, matone ya vitamini A mara mbili kwa mwaka kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, mafunzo kwa wahudumu wa vijijini, na upimaji wa hali ya lishe.

Upimaji huo unaonekana mwepesi hadi ushike mwenyewe utepe wa MUAC, ule wa kupima mzunguko wa mkono wa juu wa mtoto. Unapima mkono wa kushoto. Kunja kiwiko, tafuta katikati ya ncha ya bega na ncha ya kiwiko, weka alama, kisha uache mkono uning'inie umelegea ndipo uzungushe utepe. Ukiubana sana, mtoto mzima ataonekana amekonda; ukiulegeza, aliyekonda atapita. Chini ya milimita 115 ni utapiamlo mkali. 115 hadi 124 ni wa kadiri. Halafu bonyeza sehemu ya juu ya nyayo zote mbili (si upande wa chini), kwa kidole gumba, sekunde tatu. Shimo likibaki miguu yote miwili, ni uvimbe wa utapiamlo mkali, na hapo utepe hata ukisoma vizuri haumwondoi mtoto kwenye hatari.

Mtoto huyo akilazwa, kazi inahamia kwa mtaalamu wa lishe tiba, na hapa ndipo elimu inapojipambanua. Ndugu wanataka ashibe leo. Yeye anaanza na maziwa ya F-75, kilokalori 75 kwa kila mililita 100, kidogo kidogo usiku na mchana, kwa sababu moyo, figo na ini vimechoka, na chakula kingi kwa ghafla huvuruga madini ya damu kiasi cha kuua. Hamu ya kula ikirudi na uvimbe ukianza kupungua, ndipo anapandishwa kwenye maziwa ya F-100, yenye nguvu zaidi, au chakula dawa cha karanga.

Wagonjwa wa figo ndio wanaoumizwa zaidi na ushauri wa mitandaoni. Mtu mzima wa kilo 60 ambaye hajaanza kusafishwa damu anaweza kupangiwa protini ya gramu 48 kwa siku, au chini ya hapo. Akianza kusafishwa damu, kiwango hupanda hadi gramu 60 au 72, maana mashine nayo inaondoka na sehemu ya protini. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo pengo hilo si dogo. Karatasi ya mlo ya jirani haiazimwi, basi. Madini ya potasiamu yakiwa juu kwenye damu, viazi humenywa, vikakatwa vidogo, vikachemshwa kwa maji mengi na maji yakamwagwa. Kuvikaanga bila kuvichemsha hakusaidii. Na chumvi mbadala za madukani, zile za "sodiamu kidogo", nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu hiyohiyo.

Kwa mgonjwa wa kisukari, mtaalamu wa lishe hapandishi wala hapunguzi insulini kwa uamuzi wake. Akiona mlo mpya utashusha sukari kupita kiasi, anawasiliana na daktari. Anayekwambia uache dawa unywe juisi yake, ondoka.

Siku ya kwanza beba majibu ya damu ya karibuni, dawa zote pamoja na za mitishamba, na orodha ya ulivyokula saa 24 zilizopita. Andika kwa vijiko na vikombe. Mafuta ya kukaangia na sukari ya chai ndivyo husahaulika zaidi.