Kadi za wanyama: nimefika ya kumi na moja

Wiki hii nimemaliza kadi tatu tu, moja ikiwa ya kurudia. Utaratibu ni uleule: mbele mchoro wa wino, nyuma jina la kisayansi nililolivunjavunja mpaka nikafika kwenye maneno yake ya Kigiriki.

Iliyoniumbua ni ya tembo, Loxodonta. Loxos ni mshazari, odous ni jino. Nikachora pembe zilizopinda vizuri, nikapaka rangi, nikajisifu. Kumbe jino linalosemwa si pembe, ni gego! Uso wa gego la tembo wa Afrika una matuta yaliyokaa mshazari, mfano wa vipande vya kashata. Ya tembo wa Asia ni membamba na yamebanana sambamba. Kadi nimeichana. Sasa nimechora gego peke yake, na kila anayeiona anauliza ni soli ya kiatu gani.

Kiboko hakunisumbua. Hippos ni farasi, potamos ni mto. Herodotus, mwanahistoria Mgiriki wa karne ya 5 kabla ya Kristo, alipoeleza wanyama wa Misri alimpa kiboko manyoya ya shingoni na mkia wa farasi. Mkia wa farasi! Kile kipande kifupi cha kutawanyia mavi? Amphibius, jina lake la pili, aliliongeza Linnaeus, Msweden aliyeweka mfumo wa majina mawili ya kisayansi, mwaka 1758: amphi ni pande mbili, bios ni maisha.

Kifaru mweusi ndiye aliyenichekesha. Linnaeus alimwita Rhinoceros bicornis, yaani pembe-puani mwenye pembe mbili. Neno la pili ni Kilatini. Mwaka 1821 John Edward Gray, mtaalamu wa wanyama wa Uingereza, akamhamishia kwenye jenasi yake mwenyewe (jenasi ni kundi la wanyama wa karibu, ndilo jina la kwanza), Diceros: di- ni mbili, keras ni pembe. Kwa kanuni, mnyama akihamishwa jenasi jina lake la pili anahama nalo. Basi akabaki Diceros bicornis, pembe mbili kwa Kigiriki na pembe mbili tena kwa Kilatini. Binti yangu akazihesabu kwa kidole, akaniuliza hizo mbili nyingine nimezisahau wapi.

Inayofuata ni ya bweha masikio, Otocyon megalotis. Kyon ni mbwa, megas ni kubwa, na sikio limo mara mbili: oto- mwanzoni, -otis mwishoni. Binti bado sijamwambia.