Mpaka Kila Pingili Irudi Mahali Pake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Swahaba Abu Humayd as-Saidi (r.a.) aliwaeleza wenzake namna Mtume (s.a.w.) alivyokuwa akiswali. Alipofika kwenye itidali, yaani kusimama baada ya rukuu, alisema Mtume aliinuka akasimama wima mpaka kila pingili ya mgongo ikarudi mahali pake. Angesema tu "alisimama sawasawa" na wote wangeelewa. Yeye akataja pingili, na Ijumaa hii tubaki hapo hapo.

Pingili zinazojongea ni 24, kuanzia shingoni hadi kiunoni, na karibu zote zimetenganishwa na visahani laini vya gegedu, ile tishu nyororo inayonepa kama ya sikio. Katika rukuu, yaani kuinama, bawaba ni nyonga, si kiuno: mgongo unalala sawa, viganja vinashika magoti. Anayeupinda mgongo kama upinde anavibana visahani upande wa mbele, kisha analalamika kiuno. Wakati wa kuinuka, misuli ya makalio na ya nyuma ya mapaja ndiyo inayouvuta mwili juu. Msuli hujua kuvuta tu, haujui kusukuma, kwa hiyo kila kiungo kinahitaji misuli inayovuta huku na mingine inayovuta kule, na kupokezana huko kunataka muda. Mtu akishuka sijda kabla hajanyooka, pingili hazijarudi. Huko ndiko kudonoa kama kunguru tulikokatazwa.

Sijda nayo imetajwa kwa mifupa. Ibn Abbas (r.a.) amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) aliamrishwa kusujudu juu ya mifupa saba: paji la uso pamoja na pua, mikono miwili, magoti mawili na ncha za miguu miwili. Ukihesabu kama daktari, kila mkono una mifupa 27 kuanzia kifundo na kila mguu 26, jumla 106. Mtu mzima ana 206. Zaidi ya nusu ya mifupa yetu, basi, imo katika hivyo viungo vinne!

Kwa Mashafi, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafi, yanatangulia magoti, kisha mikono, kisha paji na pua. Viwiko havilazwi chini. Kosa linalopita bila kuonekana liko nyuma: vidole vya miguu vinaning'inia hewani, au mguu mmoja umepanda juu ya mwingine. Matumbo ya vidole yaguse chini, vielekee kibla.

Goti ndilo lenye kazi ngumu. Swala tano zina rakaa 17, maana yake sijda 34 kwa siku. Ncha za mifupa ndani ya goti zimefunikwa gegedu lisilo na mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kupitia ute wa kiungo, unaoingia na kutoka gegedu linapobanwa na kuachiwa, mfano wa sifongo. Ndiyo sababu goti lililolala usiku kucha huwa gumu kukunjika wakati wa Alfajiri. Kabla ya kushuka kitandani, likunje na kulinyoosha mara kumi hivi. Na mkeka mwembamba juu ya saruji hauna huruma. Kunja zulia mara mbili chini ya magoti.

Gegedu likishasagika, goti likavimba au kukwama, usilishindanishe. Imran bin Husayn (r.a.) aliyekuwa na bawasiri aliambiwa aswali kwa kusimama, akishindwa kwa kukaa, akishindwa kwa ubavu. Lakini ruhusa inakwenda kwa kipimo cha udhuru. Wapo wanaoingia msikitini kwa miguu yao, wakakalia kiti tangu takbira hadi salamu, ilhali wanachoshindwa ni kukunja goti tu. Anayeweza kusimama asimame kwenye kisomo cha faradhi, na akiweza kurukuu arukuu. Kiti ni cha kile asichokiweza, na hapo ainamie sijda chini zaidi kuliko rukuu.

Imebaki shingo. Pingili yake ya kwanza ni pete. Ya pili ina jino linalosimama ndani ya pete hiyo, na karibu nusu ya mzunguko wote wa kichwa hufanyika hapo. Kwa hiyo salamu haihitaji kupindua mabega. Kifua kibaki kibla, uso ugeuke kulia mpaka aliye nyuma aone shavu, urudi katikati, kisha kushoto.