Jalada liko mezani kwa nani?

Kila nikinunua umeme, kodi ya jengo inakatwa kabla sijapewa uniti. Ilianza 2021 kwa shilingi 1,000 kwa mwezi, tangu 2023 ni 1,500. Sina ugomvi na kodi, zahanati hazijengwi kwa maombi. Ila ona mambo: kwenye mita ya Luku nyumba yangu inajulikana vizuri, haijasahaulika hata mwezi mmoja. Kwenye ramani ya upimaji ndiko ilikokosekana miaka na miaka, wakati hela ya kupimiwa nilishalipa.

Halmashauri yetu siitaji. Tuko nyanda za juu kusini, kando ya barabara kuu ya Zambia, malori ya Tunduma yanatupitia usiku kucha. Ukitaka kubahatisha, bahatisha; miji ya namna hiyo kuanzia Iringa kwenda mbele ni mingi, na nadhani wengi wenu mtaona ninasimulia ya kwenu.

Mtaa wetu ulijijenga wenyewe. Mtu alinunua shamba la mahindi, akaandikiana karatasi ya mauziano mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili, akafyatua tofali. Ulipokuja mpango wa serikali wa kurasimisha makazi, yaani kupima viwanja vilivyokwisha kujengwa ili wenyewe wapate hati za kumiliki, tuliitwa mkutanoni uwanja wa shule, tukaletewa kampuni ya upimaji, tukaambiwa tuchague kamati. Mimi ni fundi cherehani, nashona sare za shule na magauni ya sendofu. Nikachaguliwa katibu kwa sababu moja tu: duka langu liko wazi kutwa, mtu akipata elfu ishirini yake anaileta kabla haijageuka kuwa sukari na vocha.

Waziri wa Ardhi wa wakati huo, William Lukuvi, alielekeza gharama isizidi shilingi 150,000 kwa kiwanja. Kwa mtu wa mshahara si nyingi. Kwa mtaa wetu ni msimu mzima wa viazi. Nilikuwa naandika kwenye kaunta buku, mhazini anapeleka benki, risiti naibana kwa stepla ukurasa huohuo. Kuna mzee alilipa kidogokidogo, kila akileta anaweka dole gumba kwa wino wa zambarau. Dole la kwanza limefifia, la mwisho limebonyezwa kwa nguvu mpaka wino umetokea upande wa pili wa karatasi. Huyo mzee ndiye aliyekuwa ananisumbua kuliko wote baadaye, na alikuwa na haki.

Vijana wa upimaji walikuja na mashine yao ya miguu mitatu, wakafukia bikoni, kila mtu akajua jiwe lake. Wake kwa waume tukapiga nazo picha. Kisha kimya. Simu ya kampuni ikawa inaita bila kupokelewa, halafu ikawa haipatikani.

Basi dukani kwangu salamu ikabadilika. Mtu hasemi tena habari za asubuhi, anasema "Dada, hati lini?" Na mimi nikawa napanda bodaboda kwenda halmashauri kuuliza hilohilo. Mchakato unaendelea. Mhusika yuko Dodoma kikazi. Mtandao umeshuka. Andika namba yako hapa, utapigiwa. Kama kuna daftari linalokusanya namba za watu wa kupigiwa, basi na liwekwe makumbusho.

Pale koridoni pana benchi, na juu ya benchi wametundika Mkataba wa Huduma kwa Mteja. Mikataba hii iliingia kwenye ofisi za umma mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwenye yale maboresho ya utumishi, na lengo lake lilikuwa zuri: ofisi iseme yenyewe kila huduma itachukua muda gani, mwananchi awe na pa kuishikia. Wa pale una nembo, una maadili ya taasisi, una jedwali. Tatizo kuna kabati la majalada limesogezwa likaziba upande wa kulia. Safu ya huduma unaisoma vizuri. Safu ya siku iko nyuma ya kabati.

Nilichungulia, nikajaribu kuingiza simu nipige picha. Haikuwezekana.

Sitaki kumbebesha lawama yule afisa wa dirishani. Ni kijana mwenye adabu, shikamoo yake haikosekani, na majalada yamepanda mpaka kwenye kingo za dirisha. Kuna wenzetu kwenye kundi la mtaa la WhatsApp walitaka twende tukamfokee. Tungemfokea, angenyamaza, tungerudi nyumbani tumepoa roho na hati hatuna. Swali letu lenyewe lilikuwa bovu. Ukiuliza lini, mtu anakujibu hivi karibuni, na amekujibu. Hakuna wa kumrudia.

Aliyetuonyesha njia ni jirani yangu, mama mmoja aliyestaafu kazi ya masjala. Alikuja kuchukua sketi, akanikuta nalalamika. Akacheka kwanza. Halafu akasema: "Mwanangu, jalada halina miguu. Likitoka meza hii kwenda ile kuna mtu anaandika. Wewe usiulize hati lini. Uliza jalada liko mezani kwa nani, na limekaa hapo tangu tarehe ngapi."

Akatuelekeza zaidi: tuandike barua, nakala mbili, moja ibaki kwao na nyingine igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Barua isiyo na muhuri ni hadithi, ndivyo alivyosema. Na tuiandike kwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, ambayo inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu maombi ya raia. Nakiri nilidhani sheria ile ni ya waandishi wa habari. Kumbe ni ya yeyote, hata fundi cherehani.

Hatukuandika maneno makali. Tuliuliza mchoro wa mipango miji wa mtaa wetu umeidhinishwa au bado, ramani ya upimaji iko ofisi gani, na kampuni imelipwa kiasi gani kati ya fedha tulizoweka benki. Mwenyekiti wa mtaa akasaini, akasita kidogo, akasaini. Dada wa masjala naye alitaka kutukatalia muhuri, eti hadi bosi aione kwanza. Yule mama alikuwa amesimama nyuma yangu na kitenge chake cha kanisani, hakusema kitu, alimwangalia tu kama mtu anayeijua kazi. Muhuri ukagongwa.

Jibu lilikuja, ukurasa mmoja, na lile karatasi lilitueleza mambo kuliko safari zangu zote za bodaboda. Mchoro ulikuwa umeidhinishwa zamani, hakuna aliyetuambia. Ramani ya upimaji ilikuwa imepelekwa mkoani na kurudishwa, kwa sababu kampuni ilipima viwanja vya mbele mpaka ndani ya hifadhi ya barabara, ule ukanda wa kando uliotengewa barabara. Halmashauri ikairudisha kwa kampuni irekebishe. Kampuni ikasema haiendelei, wananchi hawajamaliza kulipa. Na sisi wengine tulikuwa tumegoma kumalizia kulipa mpaka tuone ramani.

Hebu fikiria. Mkoa unaisubiri halmashauri, halmashauri inaisubiri kampuni, kampuni inatusubiri sisi, sisi tunaisubiri kampuni. Kila mmoja ana sababu yake, na ukimuuliza mmojammoja hakuna mwenye kosa. Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu anasema serikali imechelewa namuuliza serikali ipi, ya chumba namba ngapi.

Hili la hifadhi ya barabara nalo lina historia. Zamani barabara kuu kama yetu ilikuwa na mita 22.5 kila upande kutoka katikati. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ikaongeza mpaka mita 30. Kwa hiyo kuna watu waliojenga nje ya hifadhi kabisa, wakalala, wakaamka wako ndani. Hao ndio waliowekewa X ya kijani ukutani, maana yake nyumba ipo kihalali na siku eneo likihitajika watalipwa fidia. X nyekundu ni ya aliyevamia. Kwa mtu wa X ya kijani kusubiri ni kazi ya maisha: haongezi chumba, benki haimtazami, fidia haijui.

Tulichofanya baada ya barua ni kuipeleka kwa diwani. Alikuwa na nia siku zote, ila alikuwa akiuliza kama sisi, na barazani walimjibu kama walivyotujibu. Safari hii aliingia na karatasi yenye muhuri wa ofisi yao wenyewe. Kikao cha baraza ni cha wazi, tulikwenda baadhi yetu tukakaa nyuma. Huruhusiwi kusema, lakini kukaa unaruhusiwa, na nawahakikishieni jibu la mkuu wa idara lina adabu tofauti wenye swali wakiwa wanamtazama. Kampuni ikaitwa, ikapewa tarehe, tarehe ikaingia kwenye muhtasari. Sisi upande wetu tukamalizia madeni, kaunta buku ikajaa mpaka kwenye jalada lake la nyuma.

Viwanja vya ndani ramani ilipita. Watu wakapewa namba za malipo, wakalipia, hati zinatoka kwa mafungu. Mzee wa dole gumba ya kwake anayo, ameifunga kwenye nailoni mbili na hamwonyeshi mtu bila sababu. Yangu iko kwa msajili, najua tangu tarehe ngapi.

Waliobaki ni wa mbele, wa X ya kijani. Viwanja vyao vimekatwa kwenye ramani na hakuna aliyewaandikia kuwaeleza hatima yao. Wiki iliyopita tumepeleka barua ya pili, tukiuliza uthamini wa nyumba zao ulifanyika lini, kama ulifanyika, na kitabu cha uthamini kiko ofisi gani. Nakala yenye muhuri iko dukani kwangu, imebanwa ukutani juu ya cherehani ya pili. Wa mbele ambaye hajaweka jina aje aweke, aje na karatasi yake ya mauziano. Jumapili sifungui.