Fundo ku shingo ya mutoto, si kila mara ni tibe

Hapa Bukavu mutoto akifura shingo kila mutu anakuwa munganga. Jirani atasema ni tibe (kifua kikuu), mwingine ananong'ona kansa, na kule Kadutu hautakosa mutu wa kutoa wembe akuchanjie mutoto na kumupaka majani. Sikatai, tibe iko mingi kwetu na lazima itafutwe, na mara nyingi fundo inatokaka tu ku koo, ku jino bovu ao ku vidonda vya kichwa, inaisha. Lakini iko ile inakataa kuisha, hiyo njo nataka tuongelee.

Binti ya dada yangu, miaka 12, alifura nyuma ya shingo upande moja, ukigusa analia, homa kila mangaribi, malaria wanapima hakuna, antibiotiki ya kwanza hakuna kitu, ya pili vilevile. Kisha muuza dawa moja akatoa prednizoloni, dawa ya kushusha uvimbe, eti itashusha. Ni kweli inashushaka! Shida njo hiyo: kama ni limfoma, kansa ya tezi, prednizoloni inaweza kuifinya kwa muda, ukikata kipande labo haisomi vizuri, na kansa inarudi. Dada akazirudisha palepale ku meza. Bamama, biopsi (kukata kipande cha tezi kipimwe) kwanza, prednizoloni kama munganga ataitaka, nyuma.

Tukaenda kwa shirijie, munganga wa kupasua, na hakukubali sindano tu, alisema sindano inavuta chembe kidogo na yeye anataka tezi nzima, aone vile imejengeka ndani. Ikatoka, kubwa kama haragi, ikawekwa ndani ya kachupa ka formoli, maji ya kuzuia nyama isioze, jina limeandikwa na biki ku skochi, dada akakashika mikono mbili juu ya pikipiki mpaka labo kule Ibanda.

Anapati, labo inayosoma vipande vya mwili ku mikroskopu, ikajibu: ugonjwa wa Kikuchi-Fujimoto. Ni Wajapani wawili waliiandika mwaka 1972, kila mutu kwa upande wake. Chembe zinakufa ndani ya tezi lakini usaha hakuna, chanzo sayansi bado haijakishika, na mara nyingi inaisha yenyewe kwa mwezi 1 mpaka 4, unapewa tu dawa ya homa na maumivu. Dada akauliza, franga zote hizi kwa kuambiwa turudi nyumbani? Ndiyo! Kuliko mutoto kumeza dawa za tibe miezi 6 bure.

Ziko na zingine. Rosai-Dorfman inafurisha shingo pande zote mbili, kubwa sana, mara nyingi bila kuuma, jina lilitoka 1969 lakini Mfaransa Destombes alikuwa ameshaiandika 1965 na wagonjwa wa Mali na Antilles (visiwa vya Karibi), na sifa wakabeba wengine, ni vile. Castleman (1956) ikikaa ku tezi za fasi moja tu, kwa kawaida ukiitoa yote umepona. Zote tatu kwa macho zinafanana na limfoma, ni mikroskopu tu inazitenganisha.

Mutoto amerudi masomo. Kontrole bado inaendelea, damu na mkojo, sababu ku batu bengine Kikuchi inafuatwaka na lupusi, ugonjwa wa kinga ya mwili kushambulia mwili wenyewe, na inaweza kurudi. Rezulta ya anapati iko pamoja na karte ya chanjo, na foto iko ku telefone yangu, karatasi za hapa zinapoteaka.