Mtoto wa Ukerewe kwenye barafu ya Minnesota: nguo zilivyonitesa mpaka nikajua kuzichagua

Mimi nimekulia Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria Tanzania, kwa mjomba wangu na ziwani nimeanza kwenda kabla sijajua kusoma vizuri, dagaa kwa karabai kipindi cha giza, sangara kwa mshipi, kwahiyo nilipofika huku Minnesota, Marekani, watu wakaniambia uvuvi wa baridi una mambo yake nikaona hawa wanataka kunifundisha mimi habari za ziwa. Baridi ya ziwani naijua. Ule upepo wa saa kumi alfajiri umelowa mgongo mzima, unajikunyata karibu na taa, meno yanagongana, nani hajapitia. Kumbe baridi yote niliyoijua mimi haijawahi hata kusogelea kwenye sifuri.

Mwaka wangu wa pili, mwezi wa kwanza, rafiki yangu mmoja Mkenya wa Kisii tunayefanya naye shifti ya usiku akanichukua tukavue. Huku ziwa linaganda mpaka unatembea juu yake, unatoboa shimo kwa keekee kubwa ya mkono, unatumbukiza ndoano, unasubiri. Siku ile ilikua nyuzi 18 chini ya sifuri na upepo kama kilomita 24 kwa saa, na kwa hesabu za watu wa hali ya hewa wa hapa baridi kama hiyo na upepo kama huo ngozi iliyo wazi inaipata kama nyuzi 28 chini ya sifuri, ndani ya nusu saa inaweza kuanza kuganda. Mimi nilivaa tisheti ya pamba, hudi ya pamba, jinzi, jaketi kubwa la manyoya ya bata nililonunua kwa ajili ya kusubiri basi, na miguuni soksi tatu za pamba juu ya nyingine, nikazilazimisha ziingie kwenye buti saizi yangu ileile ya kila siku. Nilijiona nimejifunga kweli.

Rafiki yangu aliniangalia tu akasema, "Brother, hiyo jinzi itakumaliza." Nikamwambia twende.

Sasa naomba mnisikilize hapa mana ndo kiini cha yote. Sikupata baridi kwasababu nguo zilikua chache. Nilipata baridi kwasababu nilitoka jasho. Barafu ilikua nene, nilitoboa mashimo matano kwa mkono, na mimi nina nguvu za kuvuta nyavu kwahiyo nlienda haraka haraka kama nashindana na mtu, jaketi limefungwa mpaka shingoni. Nikamaliza nimelowa mgongo na kwapa, najisikia vizuri kabisa, joto limenijaa. Alafu tukakaa. Dakika kumi na tano hivi na ile tisheti ikageuka kama kitambaa kilichotolewa kisimani, imenigandia mgongoni, na maji yanaondoa joto mwilini karibu mara 25 ya hewa, kwahiyo jaketi langu lote la gharama lilikua linafunika tu nguo mbichi. Juu ya hapo nilipiga magoti kuondoa vipande vya barafu shimoni na pale pembeni ya shimo panakuaga na uji wa theluji na maji, jinzi ikanywa, ikaganda, ikawa ngumu kama bati. Vidole vya miguu sikuvisikia tena. Rafiki yangu akanirudisha kwenye gari, akaniwashia hita, na vidole vilivyoanza kupata damu nililia machozi, sisemi uongo, maumivu yake ni kama mtu anakuchoma sindano za moto.

Kitu kimoja nieleze kwa ndugu zangu wenye ngozi kama yangu. Wanasema angalia ngozi ikiwa nyekundu au nyeupe ujue baridi inaanza kuila. Kwetu hauoni hivyo. Vidole vyangu vilikua na rangi ya majivu, vimepauka, vinang'aa kidogo kama vimepakwa nta, na vigumu ukibonyeza. Ukiona hivyo toka kwenye baridi hapohapo, usisugue, usiweke kwenye moto, pasha kwa maji ya uvuguvugu, na nenda hospitali.

Baada ya siku ile nilikaa kama wiki mbili nawaza. Mimi mtoto wa Usukumani, pamba ndo imetusomesha wengi, shamba la pamba la babu upande wa Magu nalijua kila mstari, na ilinichukua muda kukubali kwamba kwenye baridi ya huku pamba haitakiwi kugusa mwili hata kidogo. Pamba inakunywa maji na haiyaachii. Chupi, soksi, fulana, zote nilibadili. Sufu, hasa ile laini ya kondoo wa merino, inaweza kunyonya unyevu karibu theluthi ya uzito wake na bado usijisikie umelowa, na hata ikilowa inabaki na joto. Ikikushinda bei chukua poliesta ile nyembamba ya kubana mwili, inakauka upesi, ila inanuka baada ya siku moja, hiyo ujue.

Kwahiyo sahivi navaa hivi. Ya kwanza inayogusa ngozi, juu na chini, sufu nyembamba. Ya pili flisi, yani kile kitambaa laini chenye manyoyamanyoya cha poliesta, au sweta la sufu, na hapa nawashauri msinunue mpya, huku kuna maduka ya mitumba na sweta za sufu za wazee zinauzwa dola sita, saba, watu hawazitaki mana zinawasha, lakini ikiwa ya pili haigusi ngozi kwahiyo kuwasha hakupo. Baridi ikizidi naongeza kizibao chenye nyuzi laini za poliesta ndani, sio manyoya ya bata, mana manyoya yakilowa yanashikana madonge na joto linakwisha, sasa uvuvi na kulowa ni mtu na ndugu yake.

Ya tatu ndo ile ya nje na hapa nimepoteza hela. Jaketi langu la kwanza la nje duka liliniambia halipitishi maji, nikaamini, kumbe kwenye lebo wameandika linastahimili maji, na hayo ni maneno mawili tofauti kabisa. Linalostahimili linavumilia manyunyu ya muda mfupi basi. Wotaprufu ya kweli wanakupa na namba kwa milimita, maana yake urefu wa maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba juu yake kabla hayajapenya, na mimi sishuki chini ya 10,000, mana ukipiga goti au ukikalia ndoo yenye theluji uzito wako wote unasukuma yale maji yaingie. Alafu geuza jaketi ndani nje uangalie mishono. Kila mshono uwe umepigwa utepe kwa ndani. Sindano imetoboa matundu mamia pale, kitambaa kizuri namna gani kama mshono hauna utepe maji yatapita. Na lazima kiwe kitambaa kinachotoa jasho nje, vinginevyo umejifunga kwenye mfuko wa nailoni na tunarudi kulekule kwenye tisheti mbichi.

Suruali ya nje nachukua ile ya mabegani, kama ovaroli isiyo na mikono, inafika kifuani, kwahiyo ukiinama shimoni mgongo haubaki wazi. Iwe na pedi magotini. Iwe na zipu ndefu pembeni ya miguu mpaka juu, kwanini, kwasababu unapotoboa mashimo unaifungua hewa ipite. Na hilo ndo jambo nililojifunza kuliko yote: natembea kwenda ziwani nikiwa nasikia baridi kidogo. Jaketi liko kwenye sleji, kile kitoroli cha kuburuta juu ya theluji, sio mwilini. Natoboa polepole, nikihisi paji la uso linaanza kulowa nasimama. Nikimaliza kutoboa ndo navaa kila kitu, mwili ukiwa bado una joto lakini mkavu. Kwenye begi naweka fulana moja kavu ya sufu ya kubadili.

Miguu sasa. Buti za kuvulia kwenye barafu ni zile chini mpira juu ngozi au nailoni, ndani zina soksi nene ya feliti, yani sufu iliyoshindiliwa, inayochomoka. Hakikisha inachomoka mana usiku lazima ikauke, ikibaki na unyevu wa jana kesho utajuta. Nunua saizi moja juu. Zile soksi tatu nilizovaa siku ya kwanza zilikua zinabana damu isifike vidoleni na zimeondoa ile hewa ambayo ndo inatunza joto. Soksi moja nyembamba, moja nene ya sufu, vidole vicheze ndani, basi. Na usikanyage barafu tupu masaa matano, barafu inanyonya joto kupitia soli hata buti iwe ya namna gani, mimi natembea na kipande cha zulia kuukuu, naweka chini ya miguu, hakuna kitu cha bure kilichonisaidia kama kile.

Mikono ni shida mana samaki analowesha na ndoano haishikiki na glavu nene. Nina pea tatu. Nyembamba za sufu zilizokatwa ncha za vidole za kufungia ndoano na kuweka chambo, kubwa zile za kidole gumba peke yake ambazo vidole vinne vinakaa pamoja vinapashana, hizo ndo za kusubiria, na za tatu za mpira za kumtolea samaki majini. Kitaulo cha kufutia mkono kinaning'inia kwenye ovaroli muda wote. Kichwani kofia ya sufu ya kufunika masikio na kitambaa cha shingo cha kuvuta mpaka puani, hapo sina mengi.

Usalama kwa ufupi, Idara ya Maliasili ya hapa Minnesota inasema barafu mpya angavu iwe na unene wa inchi 4, kama sentimita 10, ndo mtu atembee juu yake, na wenyewe wanasema hamna barafu ya kuiamini asilimia mia. Suti yangu ya sahivi ina sponji ndani ya kuelea na shingoni naning'iniza misumari miwili yenye mishikio, ukizama unaichoma kwenye barafu unajivuta. Hiyo suti nilinunua mwezi wa tatu msimu unaisha, dola 180 jaketi na ovaroli, kabla ya hapo ilikua karibu mara mbili.

Mwaka jana tulienda Mille Lacs, ziwa pana haswa, huoni ng'ambo, likanikumbusha nyumbani. Nimekaa masaa sita, nimetoa samaki wa huku wanaoitwa walleye wanne, miguu ina joto. Nikampigia mjomba video nikamwonyesha shimo, akashangaa wee, alafu akauliza, "Sasa mwanangu hapo umevaa nini?" Nikavua nguo moja moja mbele ya simu akiwa anaangalia. Akanyamaza kidogo akasema hiyo ya juu kabisa, hiyo isiyopitisha maji, hiyo ningeipata mimi.

Ni kweli, sweta na buti za feliti angezifanyia nini Ukerewe, ila mvua ya usiku ya masika akiwa na koti la nailoni lililochanika kwapani naijua, nimekaa naye chini ya lile koti. Nikamtafutia jaketi jepesi lisilo na kitu ndani, mishono yote ina utepe, kofia ya kukaza, rangi ya chungwa ili aonekane, na boya la kuvaa, nikampa mtu aliyekua anaenda Mwanza. Mwezi wa nne mvua kubwa ikawakuta nje usiku. Asubuhi akanitumia sauti, husikii vizuri kwa upepo, anasema mwanangu, shati la ndani ni kavu, hata ule ugoro wangu mfukoni haujalowa.